Miche Iliyoinama Kiganjo

Kabla hujakimbilia duka la dawa, ingia kwanza kwenye grinhausi yako asubuhi, mlango ukiwa bado haujafunguliwa vizuri, ufunge mdomo na uvute hewa kwa pua. Nawaambia ninyi mnaoanza kazi ya vitalu siku hizi, mnaopiga picha ya jani na kuituma kwenye simu, na kabla chai haijachemka mmeshapewa majina ya magonjwa kibao. Picha haina harufu. Mimi nimefanya kazi ya miche na maua upande wa Nanyuki, Kangema na Wang'uru tangu siku ambazo ndevu zangu zilikuwa za kuhesabika, na sasa nimestaafu hapa Kiganjo. Kazi sikuwahi kushindwa nayo. Kustaafu ndiko kumenishinda. Siwezi kukaa. Mke wangu husema nimezunguka ua wetu mpaka nyasi zimekata tamaa, na ukija utaona mwenyewe, pale ninapopita hazioti.

Basi mnisamehe nikirukaruka. Ndivyo nilivyo.

Julai hii iliyopita baridi ilishuka kutoka mlimani ikakaa kwenye mashamba yetu kama mgeni asiyeaga. Nilikuwa nimesimama langoni bila sababu yoyote nilipomwona Wangeci anakuja mbio, gumbuti zimejaa matope.

"Baba Njoki, kuja uone. Miche yangu iko na shida."

Wangeci ni mke wa mtoto wa jirani yangu. Mumewe anafanya kazi Nakuru, na yeye anaishi hapa na baba mkwe wake, Ndirangu, mjane na askari mstaafu ambaye sote humwita Sajini. Mimi na Sajini tulitahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo huniita wakini, yaani rika lake, hata akiwa amenikasirikia, na hilo ni karibu kila siku. Sauti yake haijastaafu. Akimwita ng'ombe, watu wa ng'ambo ya barabara husimama wima.

Wangeci alikuwa amemwomba kipande cha shamba palipokuwa na nepia, zile nyasi za kulishia ng'ombe, akajenga grinhausi yake ya miti na karatasi ya nailoni, aoteshe miche ya nyanya ya kuuza. Nilikuwepo siku Sajini alipokubali. Alikubali kwa kuguna. "Jenga. Lakini hizo majani zako zikikufa, mimi narudisha nepia ya ng'ombe yangu." Wangeci aliinama akasema asante, Baba, na tangu siku hiyo msichana yule hakupumzika. Msimu huu alikuwa amepata mteja mkubwa, mama mmoja wa Wang'uru anayepanda nyanya mpunga ukishatoka, na gari la kuchukua miche lilikuwa linakuja Jumamosi.

Niliingia nikaangalia. Trei zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya meza za fito, na miche yote, kutoka mlangoni hadi mwisho, ilikuwa imeshusha majani yake chini kama mtu aliyeambiwa habari mbaya.

"Nimeiwekea dawa ya ukungu," Wangeci akasema. "Halafu ya wadudu. Ati labda ni maji, nikapunguza. Halafu nikaongeza."

"Kwani wewe unafukuza nini?"

"Sijui, Baba Njoki! Ningejua singekuita."

Nilishika mche mmoja. Hapa ndugu zangu vijana mtulie kidogo, maana ndipo wengi huharibikiwa. Kuna jani kunyauka na kuna jani kuinama. Jani lililonyauka ukilishika ni kama kitambaa, limeishiwa maji. Haya yalikuwa magumu, ya kijani, yamejaa maji tele. Kilichopinda ni kikonyo, kile kijiti kinacholishika jani kwenye shina. Upande wa juu wa kikonyo umekua haraka kuliko upande wa chini, basi jani likasukumwa likaelekea ardhini. Mche wa namna hiyo haujaugua. Umesikia kitu, na huko kuinama ndilo jibu lake. Kazi yako ni kujua umesikia nini.

Wazo langu la kwanza lilikuwa bomba la kupulizia dawa. Sisi watu wa huku tuna tabia ya kuazimana bomba kama tunavyoazimana chumvi. Jirani anaua magugu kwenye mahindi, analisuuza mara moja, analeta kwako, nawe unapulizia nyanya. Dawa nyingi za magugu zimetengenezwa kuiga ile habari ambayo mmea hujitumia wenyewe ukitaka kukua, na nyanya ni mwepesi wa kusadiki uongo huo. Anakua ovyo, huku na huku, mpaka anajinyonga. Lakini dawa hiyo huharibu sura ya majani mapya, yanakuwa membamba na yenye mikunjo kama kamba. Haya ya Wangeci yalikuwa na sura yake nzuri kabisa. Isitoshe, bomba lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya dukani.

Wazo la pili lilikuwa mizizi kuzama. Hili nilijifunza Wang'uru kwa aibu. Nilipelekwa huko nikiwa kijana mwenye kifua mbele, nianzishe kitalu cha nyanya kando ya mashamba ya mpunga, na nikaona maji yale yote yanapita bure nikasema hapa hatuna haja ya kuwa wachoyo. Nikamwagilia. Asubuhi nyanya zangu zote zimeinama, na mpunga hapo kando umesimama ndani ya maji mpaka kiunoni ukinicheka. Ni kwamba mzizi wa nyanya ukikosa hewa hutuma habari juu, na habari hiyo ikifika kwenye majani hugeuka gesi, inaitwa ethilini, nayo ndiyo inayovipinda vikonyo. Mpunga nao una gesi hiyohiyo. Ila mpunga ukiisikia hujichimbia njia za hewa ndani ya mwili wake na kuendelea na maisha. Habari ni moja, kila mmea unajibu kwa tabia yake. Nilichomoa mche wa Wangeci kwenye trei nikatazama mizizi. Ilikuwa myeupe, safi, inanukia udongo mzuri.

"Sijui," nikamwambia. Hakuna neno ninalolichukia zaidi.

Wangeci alichungulia mlangoni kwanza, kisha akaja karibu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi najua. Kikulacho ki nguoni mwako, Baba Njoki. Ni yeye. Kila siku jioni anapita hapa akizungukazunguka. Juzi nimemwona anatoka huku, nikamuuliza, akaniambia ati anatafuta kuku. Kuku gani? Sisi hatuna kuku. Ameweka kitu. Anataka nepia yake."

"Sajini?"

"Kesho nang'oa yote. Nikimaliza naenda kwetu Kangema. Huyo bwana yangu atanikuta huko kama ananitaka."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopea mmea wowote. Miche ikifa huoteshwa mingine. Lakini neno kama hilo likishasemwa mbele ya mzee, boma limevunjika, na huyu mwenye boma ndiye rafiki yangu wa maisha. Nikamwomba asiseme lolote mpaka asubuhi. Akakubali bila kuniangalia.

Miguu yangu ikanipeleka moja kwa moja kwa Sajini. Nilimkuta amekaa chumbani kwake peke yake, amevaa lile koti lake kubwa la kazini mpaka shingoni, anakohoa. Chumba kilikuwa baridi kama duka la nyama. Sikukaa, nilisimama nikitembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Kaa chini, wakini, unanizungusha kichwa."

"Nitakaa kwa baridi hii? Jiko lako liko wapi? Au siku hizi unaweka makaa akiba kama dhahabu?"

"Makaa imekuwa ghali." Akakohoa tena. Halafu, akiwa anaangalia ukuta, akauliza, "Hizo majani za huyo msichana zinaendelea aje?"

Jinsi alivyouliza, haraka haraka na kwa kujificha, ilinitia hofu. Nikaona Wangeci amesema kweli. Nikamjibu kwamba zinaendelea vibaya. Uso wake ukakunjamana, nami nikaondoka bila hata kumwambia lala salama, na njia nzima nilikuwa nikigombana naye kichwani.

Alfajiri, mwanga ulipoanza tu, nilikuwa nje. Umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi, mweupe, unavunjika chini ya viatu. Nikaenda kwenye grinhausi ya Wangeci, nikainua nailoni ya mlangoni nikaingia, nikaiachia ianguke nyuma yangu. Nikavuta pumzi.

Makaa.

Nilikuwa nimekuja hapo jana mchana, mlango wazi, upepo unapita. Ningenusa nini? Sasa harufu ilikuwa imekaa humo ndani pamoja na unyevu, harufu ya jiko lililozimika polepole, na papo hapo nikamkumbuka Mama Muthoni.

Mama Muthoni alikuwa msimamizi wa chumba baridi kwenye shamba la maua nilikoanzia kazi, upande wa Nanyuki. Mwanamke mfupi, mwenye kofia ya sufu kiangazi na masika. Kila asubuhi alisimama mlangoni akapekua mifuko yetu ya chakula, na sisi vijana tukadhani anatafuta wezi wa mkasi. Siku moja akanikuta na ndizi. Mama yangu alizivumbika mwenyewe kule nyumbani Kangema, kwenye shimo lenye majani makavu, na moshi wa moto mdogo ukipulizwa ndani kwa bua, kama walivyofanya wazee wetu wote. Zilikuwa tamu ajabu. Mama Muthoni alizichukua akazitupa nje ya uzio kama nyoka.

"Wewe unataka kunilalishia maua?"

"Mama, ni ndizi tu."

"Ndizi imeiva inatoa hewa. Karnesheni ikisikia hiyo hewa inajua ati imezeeka. Inakunja majani ya ua, inalala, na haiamki. Umeona mama yako akiweka moshi kwa shimo? Unafikiri ndizi inaambiwa nini na huo moshi?"

Sikuwa nimefikiri chochote. Nilikuwa nimekula ndizi za moshi tangu niote meno, na sikuwahi kujiuliza. Mama Muthoni akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Ndani ya moshi wa moto usiowaka vizuri kuna gesi hiyohiyo ya ethilini. Gesi yenyewe pua yako huenda isiipate, unachonusa ni ndugu zake waliokuja nayo. Mmea hauna pua, lakini katika kila seli yake kuna kipokezi kinachoisubiri, na inahitaji kidogo sana kuliko unavyofikiri. Ikifika kwa ndizi, ndizi inaiva. Ikifika kwa karnesheni, inalala. Na ikifika kwa mche wa nyanya, vikonyo vinainama. Kutoka siku ile nilikula viazi kazini, na mpaka leo nikiingia mahali penye mimea nanusa kama mbwa wa askari.

Basi nikainama nikachungulia chini ya meza za fito. Huko nyuma kabisa, juu ya jiwe bapa lililowekwa kwa uangalifu ili udongo usiungue, kulikuwa na jiko. Lilikuwa na vuguvugu bado. Mpini wake mmoja ulikuwa wa waya, na waya ule niliufunga mimi kwa mikono yangu, siku mpini wa jiko la Sajini ulipokatika.

Nailoni ikainuka. Sajini akaingia akiwa amevaa koti lake, kitambaa cha gunia mkononi cha kushikia jiko. Tukaangaliana.

"Wewe unafanya nini hapa?" akafoka, lakini kwa sauti ya chini, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake.

"Wewe je? Unatafuta kuku?"

Akatazama miche. Akatazama jiko. Mtu mzima yule alianza kukunja kitambaa cha gunia kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele.

"Niliona barafu kwa ile nepia imebaki," akasema. "Nikasema hii baridi itaua hao watoto wote. Msichana amehangaika nazo tangu mwezi ule. Nikawa naleta jiko jioni akienda kupika, natoa asubuhi kabla hajaamka. Na bado zinakufa, wakini. Mimi naongeza makaa na zinazidi kuinama. Hata sijui nifanye nini."

Ningependa kuwaambia kwamba nilitafuta maneno mazuri. Sikutafuta. Nilimwambia palepale kwamba ni jiko lake ndilo linaloziinamisha, kwamba moshi ule ni kama wa kwenye shimo la ndizi, na kwamba kadiri alivyoongeza makaa ndivyo alivyozidi kuzikandamiza. Na nikamfokea kwa kunong'ona pia kwamba jiko katika mahali palipofungwa huua hata watu, na kama angekaa humo ndani kuota moto tungemzika. Sajini akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Usimwambie," akasema mwishowe.

"Anafikiri umemwekea sumu."

"Wacha afikirie hivyo. Ni afadhali kuliko kujua nilikuwa napika nyanya zake kama mahindi ya githeri."

"Anaenda kwao, Sajini! Leo! Anang'oa yote na anaenda Kangema!"

Hapo nilikuwa nimesahau kunong'ona. Nailoni ikainuka tena na Wangeci akasimama mlangoni, leso kichwani, gunia tupu la kung'olea miche mkononi. Aliniona mimi. Akamwona baba mkwe wake juu ya ndoo, na jiko miguuni pake. Nikaona uso wake unapata hasira iliyokuwa ikingoja ushahidi, na nikafungua mdomo niseme, lakini Sajini akainuka kabla yangu. Alisimama wima kabisa, kama yuko gwarideni.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa naona ziko na baridi."

Wangeci hakuelewa. Alitazama jiko, akatazama lile jiwe bapa chini ya meza, akatazama koti. Mimi nilikuwa nikisogea huku na huku nikijizuia nisiseme, na kwa mara ya kwanza maishani nikaweza. Niliona macho yake yanarudi kwenye jiko na kutulia kwenye mpini wa waya.

"Hii ni jiko ya kwako," akasema polepole. "Ya kwa chumba."

"Niko na koti."

"Kwani ni hiyo baridi imeleta kikohozi?"

"Kikohozi ni ya uzee."

Gunia likamtoka mkononi. Hakulia na hakumkumbatia, si desturi yetu na mkwe. Alichukua jiko kwa leso yake akalitoa nje, akarudi, akaanza kufungua nailoni za pembeni moja baada ya nyingine, na Sajini akaenda upande wa pili akafanya vivyo hivyo, bila kusemeshana, mpaka upepo wa mlimani ukawa unapita katikati.

Nyanya ni mwepesi wa kusahau ukiacha kumsumbua. Siku ya pili vikonyo vya juu vilianza kunyanyuka. Yale majani ya chini mengine hubaki yameinama, msihangaike nayo, angalieni yanayochipua. Yakichipua yamenyooka, mche umepona. Na kama mnaogopa baridi, funikeni trei kwa nailoni ya pili au kitambaa chepesi jioni, mfunue jua likitoka. Moto acheni jikoni. Jumamosi yule mama wa Wang'uru alishuka kwenye gari, akapitisha kiganja juu ya miche, akasema tu, "Pakia." Sajini ndiye aliyebeba trei nyingi kuliko wote, akimfokea kila mtu asiziinamishe.

Jioni hiyo nilikuwa chumbani kwake. Nilikuwa nimesimama, kama kawaida, mkono uko mlangoni, nikisema naenda. Wangeci akaingia na jiko likiwa jekundu, akaliweka katikati yetu, akafungua dirisha kidogo kama nilivyomfundisha. Akatoka, akarudi na sahani ya Sajini. Mzee akanyoosha mikono juu ya makaa na kuangalia kando.

"Umezifunika?" akauliza. "Hao watoto waliobaki?"

"Nimewafunika, Baba. Na maji wamepata." Akamwekea sahani magotini. "Sasa kula na wewe."

Nikavuta kiti, nikakaa.